Mguu Haujapona, na Mtoto Anataka Kubebwa

Mwezi huu nimeitolea barua moja kutoka Kisumu sehemu kubwa ya safu hii, kwa kuwa yaliyomo humo ndiyo niliyoyaona wodini kwa miaka mingi. Barua nyingine mbili, ya Kakamega na ya Nakuru, zinahusu jambo hilo hilo, nami nimezijibu baada yake.

SWALI: Dada muuguzi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miezi tisa, na ninaishi Nyalenda, Kisumu. Siku moja ya mvua niliteleza mlangoni nikiwa nimebeba mtungi wa maji wa lita 20, mguu wa kulia ukajikunja kwa ndani, na nikasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Hospitalini nilipigwa picha, nikaambiwa kwamba mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo umevunjika, nikafungwa plasta kwa wiki sita na kupewa magongo. Plasta ilipotolewa nilidhani taabu imekwisha. Sasa ni wiki ya 12, na picha niliyopigwa juzi bado inaonyesha ule ufa. Nimeambiwa tu kwamba mfupa unachelewa na kwamba nirudi baada ya mwezi mmoja na nusu.

Mume wangu ameajiriwa katika shamba la maua Naivasha na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi niko peke yangu na watoto. Kusema kweli, sikukaa hata siku moja bila kuukanyaga mguu huu. Mdogo akilia usiku, huyaacha magongo na kumwendea nikitembelea kisigino. Mama mkwe anasema kwamba wanawake wa zamani walivunjika na wakaendelea kulima, naye anataka nipelekwe kwa mzee mmoja wa kijijini kwao anayekanda mifupa. Wiki iliyopita nilimfokea mtoto mkubwa kwa sababu aliukalia mguu. Aliogopa akalia, nami nikalia kuliko yeye. Je, mguu huu utapona? Je, nikubali kukandwa? Dawa za maumivu ninazomeza zinamdhuru mtoto anayenyonya? Na nitawaleaje watoto hawa nikiwa katika hali hii?
Mama wa Watoto Wawili, Nyalenda

JIBU: Mama mwenzangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba hukukaa hata siku moja bila kuukanyaga mguu. Umeyaandika maneno hayo kama mtu anayeungama kosa. Mimi sioni kosa la mama ambaye mtoto wake wa miezi tisa analia usiku na hakuna mwingine nyumbani wa kumwinua. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kuwafunga wengine plasta kwa muda mrefu, nami nilivunjika mfupa huo huo nikiwa na mtoto wa mwaka mmoja. Hospitali niliyotibiwa ilinieleza kwa makini kwamba plasta isilowe maji na kwamba nisichokonoe ndani yake kwa kijiti, lakini hapakuwa na mtu aliyeniuliza ni nani nyumbani atakayembeba mtoto. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nami sikuwa nimemwuliza mgonjwa yeyote swali hilo. Tangu siku hiyo ndilo la kwanza ninalouliza, kwa sababu kumwambia mama apumzishe mguu bila kumwonyesha jinsi ya kuupumzisha ni sawa na kutomwambia kitu.

Nianze na mfupa wenyewe. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu una mifupa 26, na mitano kati yake ni ile mirefu inayofuatana na vidole. Uliovunjika wewe ni wa tano, wa upande wa nje. Mfupa huo huweza kuvunjika mahali mbalimbali, na mahali hapo ndipo panapoamua utachukua muda gani. Ukimeguka kwenye ncha yake ya nyuma kabisa, kwa kawaida hupona katika wiki chache, hata kwa mgonjwa anayetembelea kiatu kigumu. Ukivunjika mbele kidogo ya hapo, habari hubadilika, kwa sababu mishipa midogo inayoulisha mfupa hutokea pande mbili, na pale inapokaribiana damu hufika kwa uchache, kama jaruba la mpunga la Ahero lililo mwisho kabisa wa mfereji. Mvunjiko wa mahali hapo umepewa jina la Robert Jones, daktari mpasuaji wa Liverpool, Uingereza, aliyeuandika mwaka wa 1902 baada ya kuvunjika yeye mwenyewe alipokuwa akicheza dansi. Kama daktari wa mifupa alivunjika katika dansi, wewe uliyeteleza na lita 20 za maji mkononi huna sababu ya kujilaumu. Kuna pia mvunjiko wa mbele zaidi, katikati ya mfupa, unaoletwa na kukanyagakanyaga kwa muda mrefu, na huo pia huchelewa sana.

Barua yako haisemi ulivunjika mahali gani kati ya hapo, na pengine hukuambiwa. Hilo liwe swali la kwanza utakalomwuliza daktari. Mvunjiko wa mahali penye damu kidogo huweza kuchukua wiki 12 au zaidi hata kwa mtu aliyetulia kitandani, kwa hiyo ufa unaoonekana leo si ushahidi kwamba mfupa umekataa kuunga. Madaktari wengi hungoja miezi sita au zaidi bila dalili ya kusonga mbele kabla ya kutamka neno hilo. Isitoshe, picha huchelewa kuonyesha yanayotendeka: mfupa huanza kuunganishwa na utando mlaini usioonekana katika eksirei, na utando huo ndio unaogeuka kuwa mfupa mgumu baadaye. Ndiyo maana daktari mzuri huibonyeza ile sehemu kwa kidole na kukuuliza kama inauma, badala ya kuitazama picha peke yake. Lakini utando huo mlaini ni kama gamba jipya la kidonda, na kila hatua unayoipiga usiku, hata kwa kisigino, huusukuma mfupa ule upande huu na upande ule na kuubandua tena.

Kwa maoni yangu, mwezi mmoja na nusu wa kungoja tu ni mrefu mno kwako. Omba barua ya rufaa umwone daktari bingwa wa mifupa. Kwa mkazi wa Kisumu iliyo karibu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia. Beba picha zote mbili, ya kwanza na ya sasa, maana bila ya kwanza hawezi kujua kama mfupa umesonga mbele. Mwulize mahali ulipovunjika, kama unahitaji kufungwa plasta tena au kuvaa kiatu kigumu cha mgonjwa, na kama wewe ni wa kutiwa skrubu. Upasuaji huo ni wa kupitisha skrubu moja ndani ya mfupa ili sehemu zote mbili zibanane. Mifupa mingi ya aina hii huunga bila upasuaji, lakini kwa mama asiyeweza kuuepusha mguu na uzito kwa miezi mingi, skrubu inaweza kuwa njia fupi, na ni haki yako kulileta jambo hilo mezani. Kabla ya kwenda, hakikisha kwamba umesajiliwa na SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kwamba michango yako imelipwa, kisha uulize mapema ni gharama gani utakayobeba mwenyewe.

Mweleze pia mambo ambayo huenda hakukuuliza. Sukari ikiwa juu mwilini, mifupa huchelewa kuunga, omba upimwe. Sigara huchelewesha vilevile, na ikiwa yumo nyumbani anayevuta, na avutie nje. Kama unachoma ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, sema, kwa kuwa inajulikana kupunguza uzito wa mifupa kwa wanaoitumia kwa muda mrefu. Kama unameza vidonge vyenye homoni ya estrojeni, sema pia, kwa kuwa vinaongeza hatari ya damu kuganda katika mguu usiotumika. Usiache njia yoyote kabla ya kupewa nyingine, maana mimba wakati huu itakuzidishia mzigo.

Sasa nyumba, na hapa naomba uvumilie urefu wa maneno yangu. Shika kanuni hii kabla ya nyingine zote: mama huketi kwanza, ndipo mtoto humjia. Tandika godoro au mkeka mzito kwenye pembe moja ya chumba, keti ukiegemea ukuta, uweke mguu juu ya mto, kisha upange kila kitu mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka: nepi, kitambaa cha kupangusia, maji ya kunywa, themosi ya uji iliyofungwa sawasawa na kuwekwa upande usiofikiwa na mtoto, vikombe, simu. Usiku, godoro la mdogo liwe sakafuni likigusana na lako, ili akilia umvute na kumnyonyesha ukiwa umelala ubavu, kisha umrudishe kwake. Zile hatua za kisigino gizani zitakwisha siku hiyo hiyo, na nadhani ndizo zilizokuchelewesha kuliko kitu kingine chochote.

Unapohitaji kuhama na mtoto kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, sogea kwa makalio, yeye akiwa mapajani au akitambaa mbele yako. Mimi nilisogea hivyo kwa wiki saba katika nyumba ya vyumba viwili, sketi zikatoboka, lakini mguu haukugusa sakafu. Kamwe usimfunge mtoto mgongoni kwa leso huku ukitumia magongo. Uzito wake hukuvuta nyuma, na ukianza kuanguka, mikono yote miwili imeshikwa. Nimewahi kumpokea mama aliyeanguka hivyo, naye mtoto ndiye aliyeumia zaidi. Vitu vingine vibebe katika kiondo kilichovaliwa shingoni na kupitishwa ubavuni.

Kwa kazi ya kusimama, kama kuosha vyombo, tafuta kigoda imara cha mbao kinacholingana na goti lako, ukiwekee kitambaa kilichokunjwa, upumzishe juu yake goti la mguu mgonjwa na usimame kwa mguu mzima. Kiti cha plastiki hakifai, kwa kuwa huteleza kwenye saruji. Tazama pia mpira ulio chini ya kila gongo: ukilika na kuwa laini kama sabuni, nunua mwingine kabla ya mvua ijayo. Gongo liishe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja, maana kwapa likikandamizwa mikono hufa ganzi. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka pamoja na magongo.

Moto ndio ninaouogopa zaidi. Jiko la makaa lililo sakafuni, mtoto anayetambaa na mama asiyeweza kuruka na kumdaka ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana. Pika mara moja kwa siku, wakati kuna mtu mzima mwingine, au umlipe jirani anayepika akupikie pamoja na wake. Muuza maji wa mkokoteni ajaze pipa hadi ndani ya nyumba, hata kama atataka shilingi chache zaidi. Huo mtungi wa lita 20 usiushike tena mwaka huu.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kushika maneno kwamba mfupa haujaunga, lakini anaweza kushika kwamba palipo na nyekundu hapakaliwi. Funga kitambaa chekundu kwenye mguu huo, umwonyeshe, umwache akiguse taratibu. Kisha mpe kazi anayoiweza, kama kukuletea nepi, na umshukuru kwa jina lake kila mara. Kwa kumfokea, umeshamwomba msamaha? Watoto wa umri wake husamehe upesi, nao hufurahi sana kuombwa. Machozi yako mwenyewe hayanishangazi, kwa kuwa maumivu ya wiki 12 na usingizi wa kukatikakatika humchosha yeyote. Lakini ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili huna hamu ya kitu chochote, au hulali hata watoto wanapolala, au unafikiria kujidhuru, usingoje. Mdogo wako amefika miezi tisa, umri wa chanjo ya surua na rubela. Siku utakayompeleka, mwambie muuguzi wa kliniki habari zako pia, na uende na mtu wa kumbeba mtoto.

Kuhusu kukandwa, jibu langu ni hapana. Ninawaheshimu wazee wetu, na wapo wanaojua kutuliza misuli iliyokaza. Mfupa ambao haujaunga ukikandwa, ule utando unaounganisha huchanika, na ukifungwa vijiti kwa nguvu damu huzuiwa. Nimeona vidole vilivyokatwa kwa sababu hiyo. Mama mkwe usimbishie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ukimpa aushike mwenyewe atajua uzito wake: mwombe, kwa adabu zote, aje akae nawe wiki mbili na amchukue mdogo kila alasiri. Mwanamke anayesifu kazi kwa kawaida hakatai akiombwa kazi. Mumeo naye, usimwambie tu kwamba umechoka. Mwambie aombe likizo yake, kwa kuwa sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja siku 21 za kazi za likizo yenye malipo, na mchague pamoja wiki zitakazofuata uamuzi wa daktari.

Dawa: parasetamoli kwa kipimo cha kawaida haimdhuru mtoto anayenyonya. Zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, lakini madaktari wengi hawapendi zitumiwe kwa muda mrefu mfupa unapochelewa, kwa sababu huenda zikazuia kuunga, nazo huumiza tumbo. Sema jina la dawa unayomeza utakapomwona daktari. Wala usiache kunyonyesha kwa ajili ya mguu. Mifupa ya mama anayenyonyesha hupungua uzito kidogo, kisha hujirudishia baada ya kumwachisha mtoto. Kula zaidi: omena wa Dunga wanaoliwa na miiba yao wana madini ya kalisi kwa wingi, vivyo hivyo uji wa wimbi, maziwa na mala, na maharagwe yatakupa protini. Keti nje juani kwa muda kila siku, mikono ikiwa wazi, maana mtu aliyevunjika mguu hujikuta amekaa ndani mwezi mzima, na ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua.

Ukiona nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, imevimba, ina joto na inauma, au ukashikwa na kichomi cha kifua na kukosa pumzi, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea Kakamega, na pia ni mama wa mtoto wa miaka minne. Plasta yangu ilitolewa baada ya wiki tisa, na daktari aliridhika na picha. Lakini mguu umekonda kuliko mwenzake, na ikifika jioni huvimba na kuwa na rangi ya zambarau. Je, mfupa umevunjika tena? Naweza kurudi darasani?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, unayoyaeleza huwapata wengi. Misuli isiyotumika kwa wiki tisa hukonda, na mishipa iliyozoea kulala hushindwa kuirudisha damu juu mtu anaposimama, ndiyo maana asubuhi mguu ni mwembamba na jioni umejaa. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Kila unapoketi, uinue mguu hadi ulingane na nyonga, na uandike herufi zote hewani kwa ncha ya kidole kikubwa, kuanzia A hadi Z, mara tatu kwa siku. Mtoto wako wa miaka minne anaweza kuzitaja pamoja nawe. Omba pia kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo, hata mara mbili tu, akuonyeshe jinsi ya kurudisha nguvu za misuli ya nyuma ya mguu.

Darasani urudi kwa nusu siku kwanza, ukiwa na kiti cha juu, na uwaite watoto waje kwako. Vaa kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika. Malapa yaache bafuni, na hata huko yawe yale yasiyoteleza. Ongeza muda wa kusimama kidogo kidogo, ukipima kwa asubuhi inayofuata: ukiamka na maumivu kuliko ya jana, umezidisha, urudi nyuma siku mbili. Uvimbe wa jioni usikutishe. Kitakachonifanya nikutume ukapigwe picha tena ni maumivu makali ya ghafla mahali pale pale palipovunjika, yasiyopungua kwa kupumzika.

SWALI: Mimi ni fundi wa mjengo, ninaishi Bondeni, Nakuru. Mke wangu amefungwa plasta mguuni kwa mwezi wa pili, na tuna watoto wa miaka miwili na mitano. Nimejifunza kufua nepi na kupika, ingawa wenzangu wa kazini wananicheka. Lakini kila nikimwuliza anataka nimsaidie nini, husema hakuna kitu, kisha nikirudi namkuta amebeba beseni. Nifanyeje?
Baba wa Wawili, Bondeni

JIBU: Ndugu yangu, mgonjwa haulizwi uji. Mke wako amezoea kuwa yeye ndiye anayejua kilichobaki nyumbani, na unapomwuliza akutajie kazi, unampa tena ile kazi ya kufikiri. Chagua kazi tatu ziwe zako kabisa, bila yeye kukukumbusha: maji, nguo, na kuwaogesha watoto jioni. Beseni lijae maji na likae juu ya meza kabla hujaondoka asubuhi, ili asiwe na haja ya kulibeba.

Wenzako wanaocheka, waulize hivi: ni nani kati yao angekubali mtu apakie matofali juu ya slabu iliyomwagwa wiki iliyopita? Zege huwekewa maji na kuachwa likomae siku 28, na hakuna fundi anayelikaripia kwamba linachelewa. Mfupa wa mguu wa mkeo unahitaji muda mrefu kuliko huo.

Halafu unao ujuzi ambao waume wengi hawana. Mfanyie kigoda cha kupumzishia goti, na ubao wenye mwinamo kwenye kizingiti cha mlango ili asiruke na magongo. Mtengenezee fremu ndogo kama sanduku lisilo na kifuniko wala chini, ikae chini ya blanketi juu ya plasta, ili mtoto wa miaka miwili akipanda kitandani asimkanyage. Msalani weka mti wa kushikia ukutani, upande wa mguu mzima, na mlango wa jikoni uwekee kizuizi cha mbao kinachomfika mtoto mkubwa kifuani, chenye komeo la upande wa juu. Kabla ya kukata mbao yoyote, mwombe mkeo asimame na magongo yake hapo hapo, upime kwa urefu wake.